Mkono wa Kushoto wa Bwana Takács

Watu wengi hudhani kwamba mtu hodari wa kulenga shabaha amezaliwa na jicho kali na mkono usiotetemeka, na kwamba asiyejaliwa hayo hana la kufanya. Habari za Bwana Károly Takács, askari wa nchi ya Hungaria, zaonyesha kwamba sivyo.

Bwana Takács alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Budapest. Alijiunga na jeshi, akapata cheo cha sajini, na sifa zake za kupiga bastola zikaenea. Hata hivyo, ilipofika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1936 mjini Berlin hakuruhusiwa kwenda, kwa kuwa waliochaguliwa walikuwa maofisa tu. Baadaye kanuni hiyo iliondolewa, naye akaitazamia michezo ya mwaka 1940. Lakini katika mwaka 1938, wakati wa mazoezi ya kijeshi, bomu la mkono lenye kasoro lilimlipukia, likauharibu mkono wake wa kulia, ule ule aliokuwa akipigia bastola. Akalazwa hospitali muda wa mwezi mmoja.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye alipotoka hospitali alianza kwa siri kujifunza upya, safari hii kwa mkono wa kushoto. Ili msomaji aone ukubwa wa kazi hiyo, yafaa tueleze kidogo ufundi wenyewe.

Jambo la kwanza ni kusimama na kushika. Katika mashindano hayo mkono mmoja tu ndio unaoruhusiwa. Mpigaji husimama imara, uzito wake ukiwa juu ya miguu yote miwili, na bastola huishika kwa namna ile ile kila mara. Akiilegeza, itamcheza mkononi. Akiikaza kupita kiasi, mkono utatetemeka.

La pili ni kulenga. Juu ya bastola pana alama mbili: nyuma kuna kibamba chenye mwanya, na mbele, karibu na mdomo wa mtutu, kuna kijino. Kijino hicho lazima kionekane katikati ya mwanya, na vichwa vyao viwe sawa. Jicho la binadamu haliwezi kuona sawasawa kitu cha karibu na cha mbali kwa wakati mmoja. Basi mpigaji hukikazia macho kijino, na shabaha huiacha ionekane kama iliyo katika ukungu. Mwanafunzi hupenda kuitazama shabaha, na hapo ndipo anapokosea. Tufanye hesabu. Ikiwa kati ya kijino na mwanya pana sentimita 15, na kijino kimekwenda upande kwa milimita 1 tu, basi risasi ikifika mita 25 itakuwa imepotoka kwa zaidi ya sentimita 16. Lakini bastola nzima ikisogea upande milimita 1, hali alama zake zimelingana na mtutu haukugeuka, risasi hupotoka milimita 1 tu. Kwa hiyo mkono unaoyumba kidogo si adui mkubwa kama alama zisizolingana.

La tatu, nalo ndilo gumu kupita yote, ni kukivuta kifyatulio. Huvutwa polepole kwa kidole cha shahada, moja kwa moja kuelekea nyuma, huku pumzi imezuiwa kidogo. Atakayekinyakua kwa ghafula huinamisha mdomo wa bastola, na kwa kawaida risasi ya mtu wa mkono wa kushoto huangukia chini, upande wa kulia. Sababu yake mara nyingi ni kuuogopa mshindo. Walimu huweka risasi bandia kati ya risasi za kweli pasipo mwanafunzi kujua. Ikifika zamu ya ile bandia, hakuna mshindo, naye huona kwa macho yake jinsi mkono wake unavyoruka. Dawa ni kuvuta kifyatulio mara nyingi bila risasi, baada ya kuhakikisha kwamba bastola ni tupu.

Mashindano ya Bwana Takács yalikuwa ya kupiga kwa haraka. Mbele ya mpigaji, umbali wa mita 25, huwekwa shabaha tano, naye huipiga kila moja risasi moja. Mwanzo hupewa sekunde 8, kisha 6, kisha 4 tu. Haraka hiyo haiji kwa kuharakisha. Huja baada ya kurudia polepole jambo lililo sahihi, hata mwili ulifanye wenyewe.

Katika mwaka 1939 Bwana Takács alishinda mashindano ya bastola ya nchi yake kwa mkono wa kushoto. Kisha vita vikaja, na michezo ya 1940 na 1944 haikufanyika. Alifika London mwaka 1948, umri wake miaka 38. Inasimuliwa kwamba bingwa wa dunia, Bwana Carlos Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimwuliza amekuja kufanya nini, naye akajibu kwamba amekuja kujifunza. Alipata alama 580 katika 600, akavunja rekodi ya dunia na kutwaa medali ya dhahabu. Yasemekana yule bingwa akamwambia kwamba amekwisha jifunza vya kutosha. Mwaka 1952, mjini Helsinki, alishinda tena. Baadaye alikuwa mwalimu wa wengine, akafariki mwaka 1976.

Bastola si kitu cha kuchezea. Katika Kenya hakuna raia aruhusiwaye kuwa nayo pasipo cheti cha serikali, na mahali pa kujifunzia ni uwanja wa shabaha, mbele ya mwalimu. Kila silaha na ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wake usielekezwe kwa mtu. Na kidole kisiguse kifyatulio mpaka wakati wa kupiga.

Lakini hata asiyeshika bastola maisha yake yote ana la kujifunza hapa. Karani anayejifunza kupiga taipu, na mkulima anayejifunza kupogoa mibuni, kila mmoja hushawishika kufanya haraka kabla hajafanya sawasawa. Bwana Takács alipoharibikiwa mkono wa kulia hakupoteza ujuzi. Alianza tena tangu mwanzo, polepole, kwa mkono wa kushoto.