Makala ya Kanga na Aya Tatu Zisizo Zetu

Likizo iliyopita, wanachama watatu wa chama chetu tulikuwa Qurum, Muscat, kwa shangazi wa mmoja wetu. Shangazi ni mzaliwa wa Unguja na anauza kanga kwa Instagram na WhatsApp. Wateja wake ni kina mama wa Kizanzibari wa pale mjini, na siku hizi hata wajukuu zao, ambao hupenda rangi lakini jina la kanga hawawezi kulisoma. Ndiyo maana akatuambia, "Nyie mnasoma Kiswahili chuoni. Hebu niandikieni makala, watu wajue wanachonunua."

Shauri lilikuwa zuri. Tangazo la "kanga mpya zimeingia" hufa siku ileile. Makala inayoeleza pindo, mji na jina, mtu huiweka, humpelekea dada yake, na akitaka doti anakumbuka alikoisoma. Ya kwanza tuliiandika usiku mmoja. Tuseme kweli: tuliandika nusu. Aya tatu za historia tulizichukua kwa mwandishi mmoja wa Mombasa, tukabadilisha maneno mawili matatu, tukaongeza picha tuliyoikuta mtandaoni. Chini tukaandika "picha kwa hisani ya mtandao", kana kwamba mtandao una kamera.

Siku ya tatu mwandishi akamwandikia shangazi. Hakutukana wala hakudai pesa. Aliuliza tu: "Dada, maneno haya ni yangu, mbona jina langu silioni?"

Duka ni la shangazi, kwa hiyo aibu ilikuwa yake. Alituita sebuleni, akatandaza doti moja ya Mombasa, akatuonyesha maandishi madogo: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, na wajuzi wa kanga huitafuta. "Huyu kaandika jina lake kwenye kitambaa," akasema. "Mwenzenu kaandika lake kwenye makala, nyie mmelifuta."

Tukaifuta makala, tukaomba radhi, kisha tukaenda kusoma sheria, jambo tulilopaswa kuanza nalo. Oman ina Amri ya Kifalme namba 65 ya 2008, inayomlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 70 baada ya kufa. Oman, Kenya na Tanzania zote zimo katika Mkataba wa Berne, kwa hiyo makala ya Mombasa inalindwa Muscat bila kusajiliwa popote. Na kutaja jina la mwenyewe ni adabu, si ruhusa. Ruhusa huombwa.

Kilichotupa nafuu ni kwamba sheria hailindi habari yenyewe. Kanga huuzwa kwa doti: hilo halina mwenyewe. Namna mtu alivyolieleza ndiyo yake. Hata kumbukumbu za Sayyida Salme, yaani Emily Ruete, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, sasa ni za wote, maana alifariki 1924. Lakini tafsiri mpya ya kitabu hichohicho ina mfasiri wake, na huyo lazima aombwe.

Makala ya pili ilituchukua wiki nzima. Picha tulipiga wenyewe ufukweni Qurum, upepo ukitunyang'anya doti. Historia ya vitabuni tuliiacha, tukamwomba shangazi atusimulie kanga ya mama yake, aliyoivaa siku aliposhuka Muscat miaka ya sabini, na kwa nini hakuikata hata ilipochakaa. Mwandishi wa Mombasa tulimwomba aya moja. Akakubali, kwa sharti la jina lake na njia ya kumfikia, tukaviweka juu kabisa.

Kiswahili chake si laini kama cha aya zile tatu, na shangazi alisahihisha ngeli mara nne. Lakini jioni ileile mama mmoja wa Al Khuwair alipiga simu akitaka doti kama ile ya mama yake shangazi. Shangazi hakuwa nayo. Mpaka tunaondoka alikuwa bado anaitafuta Dar es Salaam.