Nguvu za Kiume Zikipungua kwa Mgonjwa wa Kisukari au Presha

Wanaume wengi wenye umri mkubwa wanaotibiwa kisukari, presha au ugonjwa wa figo hupungukiwa na nguvu za kiume, lakini ni wachache wanaomwambia daktari. Wengine hudhani ni uzee tu. Wengine huacha dawa za presha kimyakimya wakiamini ndizo chanzo, na hapo hujiweka katika hatari ya kupata kiharusi.

Kushindwa siku moja si ugonjwa. Hali ikiendelea kwa miezi kadhaa, inafaa ipimwe. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo uharibifu unaotokana na sukari na presha huweza kuonekana huko kwanza, miaka kadhaa kabla ya maumivu ya kifua. Kwa hiyo, kumpima mzee huyu ni kuuchunguza moyo wake pia.

Kliniki hufanya nini?

Maswali: Kuna fomu fupi yenye maswali 5. Jumla ya alama ni 25, na anayepata 21 au chini huhesabiwa kuwa na upungufu. Mgonjwa huulizwa pia kama tatizo lilianza ghafla au polepole, na kama uume husimama alfajiri. Ukisimama alfajiri, huenda chanzo ni wasiwasi au msongo wa mawazo.

Dawa: Baadhi ya dawa za presha na za sonona hupunguza nguvu. Daktari anaweza kuzibadilisha. Mgonjwa asiziache mwenyewe. Pombe na sigara pia huulizwa.

Vipimo: Presha, sukari, mafuta ya damu na figo. Homoni ya testosteroni hupimwa asubuhi, inapokuwa juu zaidi.

Moyo: Daktari huuliza kama mgonjwa anapanda ngazi bila kuumwa kifua. Anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua hapaswi kamwe kumeza sildenafili, kwani presha inaweza kushuka ghafla na kumuua. Dawa hizo zisinunuliwe dukani bila kupimwa.

Wakazi wanaohudhuria kliniki wanashauriwa kubeba dawa zote wanazotumia, zikiwemo za mitishamba. Anayetaka anaweza kuja na mkewe. Anayeona haya kuzungumza mbele ya watu aombe kuonana na mhudumu faraghani.