Nyanya zinapondeka njiani? Angalia shokapu kabla ya kulaumu mbegu

Jamaa mmoja anayeleta nyanya hapa Mtanda kwa pikipiki alinilalamikia kwamba zinatoka shambani nzima, ila zikifika mjini zile za chini ya tenga zinatoa maji. Nikamshauri avune mapema, zikianza tu kubadilika rangi. Akavuna mapema. Zikaendelea kupondeka. Kusema kweli niliona aibu, asubuhi moja nikamfuata nyuma na pikipiki yangu.

Nikaona kitu. Kila akipita shimo, tenga linarushwa juu wakati tairi limeshalivuka shimo lenyewe. Kilichokuwa kinaponda nyanya zaidi ni shokapu kurudi, sio kubonyea.

Ndani ya shokapu kuna springi na oili. Tairi likigonga tuta, springi inabonyea na kutunza ile nguvu, halafu inataka kuirudisha yote kwa mpigo. Oili ndiyo breki yake, maana inalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Wakati wa kubonyea, oili inapita kirahisi kidogo kwa sababu springi nayo inasaidia kuzuia. Wakati wa kurudi, springi ndiyo inayosukuma, kwa hiyo oili inabaki peke yake kuizuia, na vitundu vimebanwa zaidi.

Sasa yule jamaa sili zilikuwa zimekufa, oili ya nyuma imevuja. Pikipiki ikawa inagonga chini. Fundi akaikaza springi kwa ile pete ya chini mpaka ngazi ya mwisho. Kweli, ikaacha kugonga! Lakini springi iliyokazwa inarudi kwa nguvu zaidi, na breki hamna. Nyanya zinarushwa, zinaangukiana. Pete inabeba uzito wa mzigo tu, haifanyi kazi ya oili.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo nalikuta sana kwenye shokapu za mbele: kuweka oili nzito ya injini, namba 40, eti shokapu iwe ngumu. Oili ni hiyohiyo moja inayohudumia kwenda na kurudi. Ukiifanya nzito, kubonyea kunakuwa kugumu, kila jiwe unalisikia mkononi, na kurudi kunachelewa. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, shokapu haijamaliza kurudi, tuta la pili limefika. La tatu nalo hivyohivyo. Mwisho inabaki imekaa chini, unaendesha kama haina shokapu kabisa. Weka oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kipimo sawa pande zote mbili.

Kupima ni dakika moja. Bila mzigo, kandamiza siti kwa nguvu, achia. Ikipanda mara moja na kutulia, ni nzima. Ikidunda mara mbili tatu, oili imekwisha. Ikipanda kivivu, oili ni nzito au bomba limepinda. Pitisha na kidole pale kwenye sili. Ukikuta mafuta yamechanganyika na vumbi, usikaze springi, peleka kwa fundi.

Shokapu za nyuma badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukibadilisha moja, pikipiki inavuta upande, na kwa matenga mawili hilo ni hatari kwako kuliko kwa nyanya. Pete nayo ipandishe siku ya mzigo, ukishashusha mzigo irudishe.