Vinywaji vya kiangazi katika nyanda za juu za Buha

Vinywaji vya kuburudisha vinavyotengenezwa nyumbani katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, vinatokana na vitu vichache: ndizi, ulezi, mahindi, maziwa, asali na, siku hizi, matunda ya kusagwa kwa blenda. Kinachovitenganisha ni muda kuliko malighafi yenyewe. Maji ya ndizi yaliyokamuliwa leo jioni hupewa mtoto. Kesho yameanza kuchangamka. Keshokutwa ni pombe ya wazee. Togwa, kinywaji cha uji uliotiwa kimea, ina safari hiyohiyo, ila yake huenda polepole zaidi. Ndiyo maana katika Buha ustadi wa mtengenezaji hupimwa kwa kujua saa ya kumimina.

Buha ni nchi ya Waha, mashariki ya mpaka wa Burundi. Zamani iligawanyika katika tawala kadhaa za mamwami, yaani watawala wa jadi: Heru, ambayo makao yake yalikuwa Heru Juu karibu na mji wa Kasulu wa leo, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko. Ni nchi ya vilima na mabonde yenye chemchemi. Mvua huanza Oktoba au Novemba, zikakoma Aprili au Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi: usiku baridi ya kujifunika blanketi, mchana jua kali na vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya masanduku ya nguo. Mahindi, maharage na ulezi vimekwisha kuvunwa, kazi za shamba zimepungua, na arusi hupangwa wakati huo. Kiu na nafaka vinakutana katika miezi ileile, na hapo ndipo vyungu na madumu hujaa.

Kinywaji kinachotangulia vyote ni maji ya ndizi. Warundi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiha, huyaita umutobe, na pombe yake huiita urwarwa. Migomba ya kukamulia ni tofauti na ya kupika. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa lakini bado mbichi, kisha ndizi huvundikwa. Huchimbwa shimo, ukawashwa ndani yake moto wa majani makavu mpaka udongo upate joto, likatandikwa majani ya mgomba, ndizi zikapangwa, zikafunikwa kwa majani na juu yake udongo. Baada ya siku nne hadi sita hufukuliwa. Wasiotaka kuchimba huzipanga darini juu ya meko, moshi na joto vikafanya kazi hiyo kwa siku nyingi kidogo.

Kujua kama zimefikia ni kazi ya ulimi. Ganda linapaswa kumenyeka bila kukatika, nyama iwe laini lakini bado inashikamana, na ukiilamba ibaki na ukakasi kidogo. Ukakasi huo ni wa tanini, nazo hujishikiza kwenye vitu vinavyoifanya ndizi inate, vikabaki pamoja na machicha na kuyaacha maji yajitenge. Ndizi iliyoiva kupita hapo, ile tamu ya kulia mezani, haifai: inakuwa uji, nao utakandwa asubuhi nzima usitoe hata kikombe. Wageni wengi wanaojaribu kutengeneza kinywaji hiki hukosea hapo, kwa kudhani kwamba ndizi tamu zaidi itatoa maji matamu zaidi.

Ndizi zilizomenywa hutiwa katika chombo kirefu cha gogo lililochongwa, au katika beseni kubwa la plastiki kwa asiye na gogo, zikachanganywa na nyasi ngumu zilizooshwa. Kukamua huku aghalabu ni kazi ya wanaume. Kwanza mchanganyiko ni mzito, unanata mpaka kwenye viwiko, na mkamuaji haoni dalili yoyote ya maji. Huendelea kukanda, akikunja nyasi na kuzifunua, na nyasi hizo hukwaruza nyama ya ndizi kama brashi. Kisha, kwa ghafla inayomshangaza kila anayeona mara ya kwanza, povu linatokea na maji yanaanza kuchuruzika kati ya vidole, ya njano hafifu, karibu maangavu. Nyasi zilezile ndizo chujio. Maji ya kwanza, yasiyoongezwa kitu, huwa matamu mno na huwekwa kwa ajili ya watoto na mgeni. Machicha hutiwa maji kidogo na kukamuliwa tena, na hayo ya pili ndiyo yanayokata kiu hasa. Anayetaka pombe huongeza mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika chombo kwa majani ya mgomba na kukiacha mahali penye joto kwa siku moja hadi tatu. Pombe hiyo huwekwa katikati ya watu, nao huivuta kwa mirija kutoka chungu kimoja.

Katika miaka ya karibuni kinywaji hiki kimepata adui. Mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa mkoani Kagera mwaka 2006, baadaye ukafika Kigoma. Wadudu huubeba kupitia ua la kiume, lile pua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na baadhi ya migomba ya kukamulia ndiyo inayoshambuliwa kwa urahisi zaidi. Dawa ya kuponya mgomba uliougua haipo. Wakulima hushauriwa kulikata ua hilo mapema kwa kijiti chenye pacha badala ya panga, kwa sababu panga huhamisha ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba.

Togwa ni kazi ya wanawake, na msingi wake ni kimea. Ulezi huloweshwa usiku mmoja, ukachujwa, ukafungwa kwenye majani ya mgomba au gunia lenye unyevu. Baada ya siku mbili au tatu vimizizi vyeupe hutokeza; ulezi huanikwa juani mpaka ukauke kabisa, kisha husagwa. Kimea kilichokaushwa vizuri hukaa miezi. Kilichoanikwa nusunusu huota ukungu, na ukungu hauondolewi kwa kuchambua: kimea hicho hutupwa chote.

Siku ya kutengeneza, uji mzito wa unga wa mahindi au ulezi hupikwa hadi uive barabara, ukaepuliwa na kuachwa upoe. Kipimo cha zamani cha joto ni kidole: kikiweza kukaa ndani ya uji bila kuungua huku mtu akihesabu hadi kumi, wakati umefika. Kimea kikitiwa mapema huungua na kufa. Kikichelewa, uji wa baridi hauitikii. Ukipatia, jambo linaonekana kwa macho. Uji uliokuwa ukisimamisha mwiko unalegea, na muda si mrefu unamiminika kama maziwa, ukiwa mtamu bila chembe ya sukari. Vimeng'enya vya nafaka iliyochipua vimekata wanga kuwa sukari. Chungu kikifunikwa usiku kucha, bakteria wa asidi ya laktiki huongeza uchachu, na asubuhi togwa iko tayari: nzito kiasi, tamu, na ina ukali mdogo unaosafisha koo. Wengine huongeza kikombe cha togwa ya jana ili kuharakisha. Ikipita siku ya pili au ya tatu huanza kulevya, na mama mwenye watoto huigawa kabla ya hapo.

Uchachu huo una faida isiyoonekana. Vijidudu vingi vya kuharisha havistahimili asidi ya kiwango hicho, na utafiti uliofanywa nchini Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa kwa njia hii hawakuwa na vijidudu hivyo kwa wingi kama waliolishwa uji wa kawaida. Aidha, kwa kuwa kimea huulegeza uji, unga mwingi zaidi unaweza kuingia katika kikombe kimoja cha mtoto bila kumkaba. Kwa sababu hiyo togwa hushibisha. Wavunaji na wachimba misingi ya nyumba huinywa saa nne asubuhi na kufika alasiri bila kula kitu kingine.

Maziwa yana historia yenye huzuni kidogo. Buha ilikuwa nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na kumkabidhi mtu ng'ombe, desturi iliyoitwa ubugabire, kulifunga uhusiano wa mkubwa na mteja wake. Katika miaka ya 1930 malale iliyoenezwa na mbung'o iliilazimisha serikali ya kikoloni kuwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi maalumu, na mabonde mengi ya upande wa Kibondo yakawa hayafugiki. Penye ng'ombe, mtindi bado hutengenezwa kwa kibuyu. Kibuyu hufukizwa kwa moshi wa vijiti vya mti wenye harufu nzuri, maziwa yakatiwa na kuachwa yagande kwa siku moja au mbili, kisha hutikiswa magotini kwa mwendo mmoja usiobadilika mpaka siagi ijikusanye. Kinachobaki ni mtindi mwepesi wenye harufu ya moshi, na mtindi wa dukani, hata ukiwa mtamu, hauna harufu hiyo.

Asali inatoka kwenye misitu ya miombo, hasa ile ya mashariki ya Kibondo inayoelekea mto Moyowosi. Warinaji wengi bado hutundika mizinga ya magome ingawa ya kisasa ya mbao inaongezeka. Kinywaji chake ni rahisi kuliko vyote: masega yaliyokwisha kukamuliwa huoshwa kwa maji safi, maji hayo yakachujwa na kunywewa palepale. Hayana kanuni, kwani utamu hutegemea asali iliyobaki kwenye nta. Yakiachwa siku kadhaa nayo huwa pombe.

Kabla ya friji, ubaridi ulitoka kwenye mtungi wa udongo. Mtungi usiopakwa rangi hutoa jasho: maji hupenya taratibu ukutani mwake na, yakikauka kwa upepo, huondoka na joto la yaliyo ndani. Kiangazi cha Buha, chenye hewa kavu na upepo wa mchana, kinaufaa mtungi huo kuliko masika. Huwekwa kivulini juu ya mchanga uliolowa, na mdomo wake hufunikwa kwa kitambaa safi na kata.

Dini imesogeza saa za vinywaji hivi. Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1966, na makanisa ya Kipentekoste yana waumini wengi katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Wengi wa waumini hao hawanywi pombe. Kwa hiyo katika arusi zao, mahali palipokaa vyungu vya pombe pameshikwa na madumu ya togwa changa na maji ya ndizi ya siku ileile. Mkamuaji huanza kazi alfajiri ya arusi yenyewe, na kamati huwa na mtu wa kuonja. Kuonja huko si mzaha. Dumu lililofungwa kizibo kwa nguvu na kuachwa juani hadi saa tisa huvimba, na likifunguliwa mbele ya wageni hurusha povu mpaka kwenye meza ya maharusi, likiwa limemwambia kila mtu kilichomo.

Badiliko kubwa la siku hizi ni umeme. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli, na friji lilikuwa la baa na hospitali. Mwaka 2022 wilaya hizo ziliunganishwa na gridi ya taifa, majenereta yakazimwa. Tangu hapo blenda na friji vimeingia majumbani, na pamoja navyo juisi za kusaga: embe, pasheni, parachichi, nanasi, tikiti. Ya parachichi hupendwa ikiwa nzito, na hukamuliwa limau mara moja, kwani bila hiyo hugeuka rangi ya tope ndani ya saa moja. Watoto hugandishiwa barafu za vifuko za maji ya matunda na sukari. Miwa hukamuliwa kwa mashine mitaani pamoja na limau na kipande cha tangawizi.

Kinywaji cha kisasa kinachostahili sifa zaidi ni kile kinachotokana na kitu cha kutupwa. Maganda ya nanasi moja, yaliyosuguliwa vizuri kabla ya kumenya, huchemshwa katika lita mbili au tatu za maji pamoja na tangawizi iliyopondwa kwa muda wa dakika ishirini hivi. Hufunikwa yakapoa, yakachujwa, yakatiwa asali au sukari kidogo na limau. Kwa kuwa maji yake yamechemka, ni salama kuliko juisi nyingi za kusaga, ambazo huongezwa maji ya bomba au ya kisima bila kuchemshwa na huweza kuleta homa ya matumbo. Wakongo waliofika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, wanatoka katika nchi ambayo juisi ya tangawizi hunywewa kali mno. Tangawizi ya Waha katika kinywaji hiki ni ya upole zaidi.

Friji limefanya jambo jingine. Maji ya ndizi na togwa vikiwekwa humo hulala: uchachu huendelea, lakini kwa mwendo wa konokono, na kinywaji cha siku moja hukaa siku tatu au nne. Wanawake wanaouza togwa mjini sasa huitengeneza Ijumaa, wakaiuza Jumamosi na Jumapili. Wanunuzi wazee hulalamika kwamba ya friji haina ule ukali wa asubuhi, na wengine huinunua kisha huiacha kivulini saa kadhaa kabla ya kuinywa.