Je, Wajua? Kitanda Kilichosahaulika Sandukuni

Jumba la Calke Abbey, katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, lilijengwa kati ya 1701 na 1704 na ukoo wa Harpur, uliomiliki ardhi hiyo tangu 1622. Ukoo huu haukupenda kutupa kitu wala kubadili mambo. Umeme uliingia mwaka 1962! Mmiliki alipofariki 1981, serikali ilidai kodi ya urithi ya mamilioni ya pauni. Familia haikuweza kulipa, na mwaka 1985 jumba likakabidhiwa shirika la National Trust. Humo mlikuwa na kitanda cha fahari cha karne ya 18 ambacho hakikuwa kimetolewa sandukuni mwake. Mapazia yake ya hariri ya China, yenye nakshi za ndege na dragoni, yalikuwa yanang'aa kama mapya kwa kuwa hayakupigwa na jua. Leo kitanda hicho kinaonyeshwa humo humo, nyuma ya kioo.