Kupindwa mara 10,000 si kitu

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana ambaye betri ya kifaa cha mapigo ya moyo cha mama yake inakaribia kwisha: kwa nini mama apasuliwe upya wakati kuna uzi wa kuhifadhi umeme uliopindwa mara 10,000 bila kuharibika, tena hauui seli?

Kwa sababu 10,000 si kitu. Moyo unaodunda mara 70 kwa dakika hufikisha mapigo hayo kabla saa mbili na nusu hazijaisha. Kwa siku ni kama 100,000, kwa mwaka zaidi ya milioni 36. Uzi ukishonwa moyoni utapinda kwa kila pigo, na mgonjwa anahitaji miaka.

Halafu ulipindwa wapi? Ukipindwa mezani, mkavu, bado haujapimwa. Mwilini kuna maji ya chumvi yenye joto la sentigredi 37, usiku na mchana. Uzi upindwe humohumo, huku ukichajiwa na kutumiwa, kisha tupime chaji inayovuja ukiwa umetulia. Ganda likipata ufa, hata mwembamba kuliko unywele, maji yatafika ndani. Na volti zikizidi 1.23, maji hayo yanaweza kuanza kuchanganuka kuwa gesi, ndani ya kifua cha mtu.

Hilo la seli nalo linanichosha. Kipimo cha sumu kwa seli, ISO 10993-5, hufanyika kwenye kisahani cha maabara, na ni mlango wa kwanza tu. Hakisemi chochote kuhusu miezi ijayo, mwili utakapouzungushia uzi kovu. Anayekuuzia matumaini kwa kipimo hicho anakudhulumu.

Kubadilishiwa kifaa si balaa. Arne Larsson wa Sweden, binadamu wa kwanza kupandikiziwa kifaa hicho, mwaka 1958, alibadilishiwa zaidi ya mara 20 na akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86.

Basi, mama asikose kliniki: chaji iliyobaki husomwa kwa mashine bila kumkata. Wakati ukifika, kwa kawaida hufunguliwa pale kifuani tu, na nyaya za zamani zikiwa nzima huachwa. Vifaa vya kuchajiwa kupitia ngozi vipo, lakini zaidi ni vya kusisimua neva; muulizeni daktari. Kama anavaa bangili ya sumaku, haichaji chochote, avue. Simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa.