Maradhi Yanayojificha Mbele ya Daktari

Wahenga walimkemea mficha maradhi, lakini hawakututajia maradhi yanayojificha yenyewe. Pumu ni mojawapo. Mwanafunzi hukohoa usiku kucha, kifua kikimlia kama filimbi, lakini afikapo mbele ya daktari saa nne asubuhi kifua ki shwari. Hata spirometa, ile mashine inayopima hewa anayopuliza mtu kutoka mapafuni, husema hana neno. Hapo ndipo mtoto hubandikwa jina la mvivu, hasa ikiwa malalamiko yake huzuka siku za mazoezi ya viungo. Naiona hukumu hiyo kuwa dhuluma, na sayansi inayo njia ya kuibatilisha.

Njia yenyewe ni kipimo cha kuchokoza njia za hewa. Badala ya kungoja pumu ijitokeze ipendapo, mpimaji huiita ije. Mgonjwa huvuta dawa iitwayo methakolini, kwanza kiasi kidogo mno, kisha kiasi huongezwa hatua kwa hatua, na katika kila hatua hupuliza spirometa. Hewa itokayo katika sekunde ya kwanza ikipungua kwa asilimia 20, uchokozi hukomeshwa. Aliyeanza na lita 3, kwa mfano, akishuka hadi lita 2.4, hapewi tena methakolini. Hupewa salbutamoli ili mirija ifunguke. Mwenye mapafu ya kawaida huhitaji kiasi kikubwa zaidi ndipo afikie hapo, au hafiki kabisa.

Kipimo hiki, waama, si kadhi. Mwenye mafua ya mzio au mvutaji sigara huweza kuitikia methakolini ilhali hana pumu. Nguvu yake kubwa iko upande wa pili: mtu mwenye dalili, ambaye hajaanza dawa za kutuliza pumu, asipoitikia, daktari huanza kutafuta chanzo kingine cha kikohozi chake.

Kinachotuhusu zaidi sisi walimu ni uchokozi wa mazoezi. Mtoto hukimbia dakika 6 hadi 8 hivi, pua ikiwa imebanwa ili avute hewa kwa kinywa, kisha hupuliza tena na tena kwa muda wa nusu saa. Hewa nyingi na kavu huyakausha mapafu, na ukavu huo ndio mchokozi. Wengi wetu hatujui kwamba mirija hubana zaidi baada ya mbio kukoma, aghalabu dakika 5 hadi 10 baadaye. Basi yule anayemaliza mbio salama, kisha akashikwa wakati kengele ya hisabati inalia, haigizi!

Wala hili si jambo la ng'ambo tu. Mwaka 1998 jarida la Thorax lilichapisha matokeo ya kipimo cha mazoezi kwa wanafunzi wa shule za msingi Nairobi na Murang'a. Pumzi ilishuka kwa asilimia 10 au zaidi kwa watoto wapatao 23 katika kila 100 wa Nairobi, na 13 wa Murang'a. Si wote hao wenye pumu, lakini ni idadi ya kumfanya mwalimu asite kabla ya kukemea.

Hata hivyo, mwalimu asigeuze uwanja kuwa maabara. Uchokozi huu hufanywa penye wataalamu na dawa za dharura, wala hafanyiwi mtu ambaye pumzi yake tayari ni hafifu. Na pasipo na spirometa, daktari huweza kumpa mgonjwa kifaa kidogo cha kupuliza nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili, naye akalinganisha tarakimu.

Kazi ya mwalimu ni kalamu: aandike tarehe, mtoto alikimbia dakika ngapi, alishikwa baada ya muda gani, na kama palikuwa na vumbi au baridi. Karatasi hiyo apewe mzazi aende nayo kliniki.